Makaburi ya Sandifer na Bakuli la Buluu

Arletha Quarles alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, magoti mawili mabovu na ulimi usio na breki. Watu wa Sandifer ndio waliosema hivyo, na yeye alipowasikia aliwajibu kwamba breki zake alizimaliza kazini. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha basi la watalii kutoka Memphis hadi Natchez kwa barabara ya Sitini na Moja, mikono kwenye usukani na kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo, maana kampuni ilikuwa bahili na haikutaka kulipa dereva na mtembeza wageni kama watu wawili. Aliolewa mara moja, akaachika mara moja, na hakulalamikia lolote kati ya hayo mawili.

Jimbo zima la Mississippi alilijua kwa magurudumu, na karibu lote alilichukia. Alichukia Natchez na majumba yake ya nguzo nyeupe, ambako kila masika akina mama wa kizungu walivaa magauni mapana na kuwaonyesha wageni vitanda vya mababu zao. Mgeni akiuliza nani alikuwa akivitandika enzi za utumwa, alielekezwa atazame pazia. Alichukia Vicksburg na mizinga yake ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kila kona jenerali wa shaba, mji ambao hata mto mkubwa uliuchoka ukahamia kwingine. Alizichukia zile nguzo za Windsor, jumba la mwenye watumwa lililoungua, zilizobaki porini bila nyumba, na zaidi aliwachukia wageni walioshuka pale wakavua kofia kana kwamba wamefiwa. Pale Yazoo City, ambapo tambarare ya pamba inakoma ghafla na vilima vinaanza, alikuwa akiwaambia abiria wafunge vioo. Sababu ilikuwa vumbi, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayewafukuza.

Kitu kimoja tu alikipenda, nacho kilikuwa mwisho kabisa wa jimbo, Biloxi, kwenye ufuko wa Ghuba. Kule kuna mnara wa taa, wa chuma, mweupe, ambao kwa miaka mingi ulitunzwa na wanawake. Barabara kubwa ilipopanuliwa, mnara ulikuwa njiani, na wahandisi wakasalimu amri: magari yanapita huku na yanapita huku, mnara umesimama katikati yao. Kila alipopangiwa safari ya pwani Arletha alipunguza mwendo mahali hapo, wala hakuwaeleza abiria kwa nini.

Sandifer kwao hakumo katika kitabu chochote cha watalii. Kuna kanisa, kituo cha mafuta, kinu cha pamba kilichofungwa, halafu soya, soya, soya, zote za familia ya Tarpley. Katikati ya soya hiyo, mahali panapoonekana vizuri ukiwa barabarani, ndipo yalipo makaburi ya watu weusi wa Sandifer. Uzio ulishaanguka zamani, limebaki lango la chuma limesimama peke yake, na Arletha hakuwahi kuingia makaburini bila kupitia hapo.

Wafu wengi wa Sandifer hawakuwekewa mawe, maana mawe ni ya wenye nacho. Walipandiwa yuka, mmea wenye majani ya ncha kali kama mkonge, na juu ya kaburi kikawekwa chombo cha mwisho alichotumia marehemu: kikombe cha dawa, sahani, taa ya mafuta, saa iliyosimamishwa. Kwanza chombo kilitobolewa au kupasuliwa, ili kifo kikatike hapo kisirudi kuchukua mwingine wa nyumba ileile. Nyasi hazikuruhusiwa kuota. Udongo ulifagiliwa ukabaki mtupu, na kila Mei matuta yaliinuliwa upya kwa jembe. Makaburi yalikuwa zaidi ya hamsini, na yenye mawe ya majina yalikuwa kumi na manne tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipokaa. Kila mwaka jembe la trekta la akina Tarpley liliuma ukingo wa makaburi, kidogo, kiasi ambacho mtu akilalamika anaonekana mchokozi. Arletha alilalamika miaka yote na alionekana mchokozi miaka yote. Alipostaafu alipata muda wa kufanya uchokozi kamili, akampeleka Hollis Tarpley mahakamani. Hakimu aliamua kwamba mpima ardhi aende akaangalie mwenyewe: penye kaburi, mpaka utapita futi kumi nje yake, na pasipo na kaburi, soya iendelee. Kaburi la mama yake Arletha, Luvenia, lilikuwa la mwisho kabisa upande wa kusini, ukingoni mwa shamba. Halikuwa na jiwe wala yuka. Lilikuwa na bakuli moja la buluu lenye tundu chini. Mpima ardhi akilikuta bakuli, mama yuko salama. Asipolikuta, mwakani mama atalimwa.

Mama alifariki Machi 1984, wiki ile ile majumba ya Natchez yanapofunguliwa kwa wageni. Msimamizi wa kampuni alimwambia Arletha kwamba akiacha basi asirudi, naye akaendesha. Alipofika Sandifer jioni, jembe na sepetu vilikuwa vimeshaoshwa. Mdogo wake, Mozelle, ndiye aliyemzika mama, ndiye aliyetoboa bakuli ambalo mama alinywea supu yake ya mwisho, na ndiye aliyemwambia dada yake mbele ya watu kwamba wageni wa Natchez wamepata mtoto na Luvenia amepoteza. Siku ya pili Mozelle alipanda treni kurudi Chicago. Kwa miaka arobaini dada hao walitumiana kadi ya Krismasi yenye jina tupu. Mozelle alipochoka na baridi ya kule, mwezi wa saba mwaka huu, akarudi nyumbani na masanduku sita, na Arletha akampa chumba cha nyuma kwa maneno machache ambayo hayakuwa ya kumkaribisha.

Siku ya mpima ardhi ilikuwa Jumatano, mwisho wa Agosti, joto tayari limeshalala juu ya soya saa mbili asubuhi. Mozelle alitangulia na gari lake, akisema tu kwamba ana kitu cha kumalizia. Arletha alifuata na jembe lake na chupa yake ya kahawa, akafika langoni, akaliegemeza jembe, akasimama.

Makaburi yalikuwa ya kijani. Nyasi zile zinazouzwa zimeviringwa kama mikeka zilikuwa zimetandazwa kutoka lango hadi ukingo wa shamba, zimemwagiwa maji, zinang'aa. Mawe kumi na manne yalikuwa yameoshwa, na kila moja lilikuwa na ua la plastiki mbele yake. Kingine hakikuwepo. Yuka zote zilikuwa zimeng'olewa, na vikombe, sahani, taa na saa havikuonekana hata kimoja. Mozelle alikuwa amesimama katikati na glavu mkononi, anatabasamu, shati limelowa jasho.

"Viko wapi?" Arletha aliuliza.

"Nini?"

"Mozelle, usinichezee asubuhi hii. Vyombo viko wapi?"

"Vimeenda jalalani, dada. Jana ulipokuwa hospitali na magoti yako, mimi na wamama wa kanisani tumejaza pikapu mbili. Leo wanakuja watu wa mahakama. Ulitaka wakute vikombe vilivyovunjika? Waseme nini, kwamba watu weusi wa Sandifer wanatupa taka juu ya wazazi wao?"

Arletha alimwambia mengi, na si yote yanayofaa kuandikwa. Alimwambia Chicago imemfundisha kuona haya tu, na hata hiyo amejifunza nusu. Alimwambia kwamba Tarpley baba na Tarpley mwana wameshindwa kwa miaka sabini kufuta makaburi haya, na yeye amewafanyia kazi hiyo siku moja, bure, kwa glavu. Mozelle, ambaye hajawahi kunyamaza akitukanwa, alirudisha kila neno na nyongeza yake. Alisema angalau yeye alimzika mtu kwenye hayo makaburi, hakuyapita na basi akipunga mkono. Walikuwa bado wanarushiana maneno gari jeupe la mpima ardhi lilipoegeshwa, na nyuma yake pikapu ya Hollis Tarpley.

Mpima ardhi aliitwa Gaines, mtu mwembamba, mkavu, asiyetaka kahawa ya upande wowote. Alizunguka kimya, akahesabu mawe, akaandika. Kisha akasema yeye anaona mawe kumi na manne, na mengine yote anaona bustani.

Tarpley alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu akiwa kijana hajawahi kumwita Arletha kwa jina la heshima, ingawa alimzidi kwa miaka kumi na mitano. Alitazama nyasi zile mpya kwa furaha ambayo hakuificha.

"Huku kusini hakujawahi kuwa na makaburi," alimwambia Gaines. "Huku ni jalala. Usiniamini mimi, muulize Arletha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, tena kwa kipaza sauti."

Arletha alijua ni siku gani. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa akiomba kila aliyekuwa kwenye lile basi awe amekufa au amesahau.

Ilikuwa masika ya 1989. Basi lilikuwa limejaa, na kiti cha tatu alikaa Bi Cordelia Tarpley, mama yake Hollis, akienda Natchez na wenzake wa kanisani kuangalia majumba. Walipopita Sandifer, bibi mmoja mgeni kutoka Ohio akanyoosha kidole dirishani akauliza vile vitu vinavyong'aa kule shambani ni vya nini, zile sahani na zile taa. Arletha alitazama kwenye kioo. Akaona macho ya Bi Cordelia yamemtulia yeye, yanangoja. Mdomo wake, uliokuwa umeshaeleza habari za wafu wa kila jenerali toka Memphis, ulikauka. Angeweza kusema, mama yangu amelala pale. Badala yake alisema kwenye kipaza sauti, "Ah, hilo ni jalala tu la watu wa hapa," na akaongeza gia. Bi Cordelia alicheka kidogo, kwa pua. Watu hamsini walikaa wakasahau, lakini Bi Cordelia alirudi nyumbani na hadithi.

"Ulisema hivyo?" Mozelle alimuuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele zote za asubuhi ile.

"Nilisema."

"Mama akiwa pale."

"Mama akiwa pale. Nilimwonea haya, Mozelle. Nilimwonea haya mama yangu mbele ya yule mwanamke, na tangu siku hiyo sijawahi kufagia pale bila kukumbuka. Basi. Nimesema."

Mozelle alivua glavu, akazitupa chini.

Tarpley akasema naona tumemaliza. Gaines akasema yeye ndiye anayejua akimaliza. Akaenda kwenye gari lake akarudi na chuma kirefu, chembamba, chenye mpini wa kushika kwa mikono miwili. Alieleza kwa ufupi: udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa mgumu kama zamani, hata upite karne. Penye kaburi chuma kitazama mpaka kwenye mpini, na pasipo na kaburi kitagoma. Lakini hawezi kutoboa ekari nzima kwa kubahatisha, alisema, lazima mtu amwonyeshe pa kuchoma, na alama zote zimeondolewa.

"Sio zote," alisema Arletha.

Akaenda langoni. Akampa Tarpley mgongo, akafumba macho, akaweka mkono mmoja kwenye chuma cha lango kama alivyokuwa akiuweka kwenye usukani kabla ya kuondoka kituoni. Kila Mei kwa nusu karne alikuwa ameyatembea makaburi yale na jembe, kwa utaratibu uleule, na hesabu ya hatua ilikuwa kichwani pamoja na kilomita zote za barabara ya Sitini na Moja.

"Hatua kumi na mbili, kushoto," alisema, akaenda. "Shangazi Orphelia. Taa ya mafuta, kioo kimepasuka."

Gaines akachoma. Chuma kikazama mpaka kwenye mpini. Akachomeka kibendera chekundu kwenye zile nyasi mpya.

"Hatua tatu mbele. Mapacha wa Orphelia, wako pamoja. Vikombe viwili vya bati."

Chuma kikazama.

Wakaendelea hivyo, na kila jina lilitoka kwa sauti ileile ya kazini, kavu, isiyobembeleza mtu. Mwashi Tolliver na mwiko wake wa kuashia. Mama Eulie aliyekufa na saa yake. Yule mgeni aliyetolewa mtoni mafuriko ya mwaka 1927, ambaye jina lake halikujulikana, kwa hiyo watu walimwekea sahani zao wenyewe tatu. Mara mbili alikosea kwa nusu hatua, akajitukana, akasahihisha. Tarpley aliacha kuegemea pikapu yake kwenye kibendera cha ishirini. Kwenye cha thelathini akavua kofia, lakini ilikuwa kwa ajili ya joto.

Wakafika safu ya mwisho. "Babu Amos," Arletha alisema. "Bakora yake, imekatwa vipande viwili." Chuma kikazama. "Na hapa ubavuni, mama."

Gaines akachoma. Chuma kikaingia kiganja kimoja, kikagoma. Akasogea kidogo, akachoma tena, akaegemea kwa uzito wote. Kikagoma. Akajaribu kulia, kushoto, kichwani, miguuni. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu.

Arletha alikuwa hajawahi kuhesabu hatua za mama yake. Bakuli lilikuwa likionekana toka langoni, hapakuwa na haja. Alitazama mahali pale alipopiga magoti kila Mei, mahali alipotubu kuhusu Bi Cordelia na kipaza sauti, akasikia Tarpley akikohoa kwa raha.

"Andika," Tarpley alimwambia Gaines. "Hapana kitu."

"Sio hapo," alisema Mozelle.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama kwenye kibendera cha Babu Amos na anamtazama dada yake, hamtazami mwingine.

"Sio hapo, na wewe unajua sio hapo. Mama aliniambia mwenyewe, wiki ile anakufa. Alisema asilazwe ubavuni mwa Babu. Alisema ziachwe nafasi mbili katikati, yako na yangu. Mchimbaji alipima kwa mpini wa sepetu, mimi nimesimama hapa hapa. Babu, halafu wewe, halafu mimi, halafu mama. Jana nimekuta bakuli limebanana na Babu, nikasema Arletha huyu, amemsogeza mama amalize nafasi yangu. Hata kaburini hanitaki."

"Mimi sijawahi kuligusa bakuli lile," Arletha alisema. "Nafasi gani? Hukuniambia habari ya nafasi."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa Natchez."

Dada wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waligeuza vichwa wakamtazama Tarpley.

Tarpley alivaa kofia. "Baba alikuwa analisogeza," alisema. "Kabla ya kulima. Na mimi nimelisogeza, sikatai. Inchi mbili tatu hivi, mwaka mwingine zaidi, mwaka mwingine kidogo. Ili trekta lisilivunje. Hatujavunja hata kikombe kimoja cha watu wenu, ilikuwa heshima tu."

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa, na hapo ndipo Arletha alipomchukia kuliko siku nyingine yoyote. Miaka arobaini. Bakuli lilikuwa likitembea, na yeye alilifuata na ufagio nyuma yake, kila Mei anainua tuta jipya pale alipolikuta. Mama alikuwa kwenye soya. Na mahali alipokuwa akipafagia, akipalilia na kupaombea msamaha palikuwa nafasi yake mwenyewe.

"Twende," alimwambia Gaines.

Mozelle ndiye aliyehesabu sasa. Alipima nafasi ya kwanza kwenye nyasi zake mpya, ya pili ikavuka ukingo, ya tatu ikamwingiza kwenye soya mpaka kiunoni. Tarpley akaanza kusema kwamba hayo ni mazao yake, na Gaines akamwambia asogee. Alieleza kwamba kwenye shamba chuma kitaingia futi moja tu, kina cha jembe, halafu kitakuta ardhi ngumu. Akajaribu hatua moja pembeni kuonyesha: futi moja, kikagoma. Kisha akachoma pale Mozelle alipoelekeza kidole.

Kikapita futi moja. Kikapita mbili. Kikazama taratibu mpaka kwenye mpini, na Gaines akabaki ameinama kati ya majani, mikono yake karibu na udongo.

Hakuna aliyelia. Arletha alitaka, lakini hakutaka Tarpley aone. Gaines alichomeka kibendera, kisha akatoa kamba yake na kupima futi kumi zaidi kuelekea kusini, ndani ya soya, akachomeka na huko.

"Sasa mnataka nifanyeje?" Tarpley aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mwezi ujao navuna. Mashine yangu ina upana wa futi thelathini na tano. Niirushe juu?"

"Umewahi kufika Biloxi?" Arletha alimuuliza.

"Kila mtu amefika Biloxi."

"Ulipofika kwenye mnara wa taa, ule ulio katikati ya barabara, ulifanyaje?"

Tarpley alimtazama Gaines, na Gaines alikuwa anaandika.

"Nauliza tu. Uliugonga?"

"Nilizunguka," alisema Tarpley.

"Basi utazunguka."

Aliondoka bila kuaga, akiapa kukata rufaa, na pikapu yake iliwaachia vumbi. Gaines akakusanya vyuma vyake. Akasema Bi Quarles, taarifa yangu itafika mahakamani Ijumaa, vibendera vyote hivi vitakuwemo, na cha mama yenu pia.

Mozelle alikwenda kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Lilikuwa bakuli la buluu. Vyote alivipeleka jalalani, alisema, lakini hili mkono ulikataa. Akaingia nalo kwenye soya, akaangusha mimea minne kwa mguu, akalikandamiza udongoni, tundu likitazama chini kama alivyoliweka mara ya kwanza. Arletha alimfuata akasimama nyuma yake. Alikuwa na maneno fulani tayari, ya shukrani au yanayofanana na shukrani, lakini Mozelle alimwahi.

"Babu, wewe, mimi, mama," alisema bila kugeuka. "Ndivyo alivyopanga. Mimi ndiye nitakayelala karibu yake. Wewe uliyemwita jalala utalala kule kwa Babu."

Arletha Quarles, ambaye alibishana na makampuni, mahakimu, majenerali wa shaba na mto wenyewe, hakubisha. Alirudi langoni kuchukua jembe lake, akaja mpaka ubavuni mwa Babu Amos, mahali pake, akaanza kung'oa zile nyasi.